Namba Nne za Mtandao: Kupanga Anwani za IP katika Ofisi Ndogo za Pwani ya Mtwara

Ofisi ndogo za pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Mikindani na Mtwara mjini hadi Madimba, Msimbati na vijiji vinavyopakana na mdomo wa Mto Ruvuma, zimepata mitandao ya kompyuta kabla ya kupata mafundi wa mitandao. Chama cha msingi cha ushirika kinachokusanya korosho huwa na kompyuta mbili tatu, printa moja na kamera za ghalani. Zahanati huwa na kompyuta ya kuandikishia wagonjwa. Nyumba ya wageni huwa na Wi-Fi kwa ajili ya wapangaji. Nayo shule ya sekondari huwa na chumba cha kompyuta ambacho mwalimu mmoja amekabidhiwa funguo zake pamoja na lawama zake. Vifaa vyote hivyo, viwe vya bei kubwa au ndogo, huongea vyenyewe kwa vyenyewe na kuifikia intaneti kwa kutegemea namba nne: anwani ya IP, maski ya mtandao, anwani ya lango na anwani ya seva ya majina. Makala hii inazieleza namba hizo moja baada ya nyingine na inatetea msimamo mmoja, kwamba mahali ambapo fundi hupatikana kwa kusafiri au kwa kusubiri, namba hizo ziamuliwe ndani ya ruta peke yake badala ya kuandikwa kifaa kimoja kimoja, kisha ziwekwe kwenye karatasi ambayo mtu yeyote wa ofisi anaweza kuisoma.

Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kifaa ndani ya mtandao, na herufi hizo mbili husimamia itifaki ya intaneti, yaani kanuni zinazoongoza namna data inavyokatwa katika vifurushi na kupelekwa inakokwenda. Toleo la 4 la itifaki hiyo, ambalo maelezo yake rasmi yalitolewa mwaka 1981 na ambalo bado ndilo linaloonekana kwenye skrini za printa na kamera nyingi, hutumia namba yenye biti 32 ambayo huandikwa kwa mafungu manne yaliyotenganishwa kwa nukta, kila fungu likiwa kati ya 0 na 255, kama vile 192.168.63.20. Jumla ya namba zote zinazoweza kuundwa kwa mpangilio huo haifiki bilioni 4.3, kiasi ambacho ni kidogo kuliko idadi ya watu duniani, na AFRINIC, taasisi yenye makao yake Mauritius inayogawa anwani za IP kwa bara la Afrika, imo katika hatua ya mwisho ya kugawa akiba yake tangu Januari 2020.

Uhaba huo ndio sababu ya ofisi kutumia anwani za ndani. Tangu mwaka 1996 mafungu matatu ya anwani yametengwa rasmi kwa matumizi ya ndani pekee: zote zinazoanza na 10, zile zinazoanza na 172.16 hadi 172.31, na zile zinazoanza na 192.168. Mtu yeyote anaweza kuzitumia bila kuomba kibali, na ofisi elfu moja zinaweza kutumia anwani ileile bila kugongana, kwa kuwa namba hizo hazipiti kwenye intaneti. Ruta inayotenganisha ofisi na ulimwengu wa nje huzibadilisha na kuweka anwani yake yenyewe kila kifurushi kinapotoka, na huzirudisha kila jibu linapoingia. Toleo la 6 la itifaki, lenye anwani za biti 128, limekuja kuondoa uhaba huo, na katika ofisi ndogo ruta hulishughulikia yenyewe, hivyo hakuna haja ya kulihangaikia wala kulizima.

Maski ya mtandao ndiyo namba inayoeleweka vibaya zaidi kati ya zote nne, labda kwa sababu karibu kila mahali huandikwa 255.255.255.0 na watu huinakili bila kuuliza kazi yake. Mfano ulio karibu ni postikodi, ambayo Watanzania wengi waliizoea wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022: tarakimu mbili za mwanzo, 63, huonyesha Mkoa wa Mtwara, na zinazofuata hushuka hadi wilaya na kata. Anwani ya IP nayo ina sehemu ya mbele inayotaja mtandao na sehemu ya nyuma inayotaja kifaa, isipokuwa kwamba katika postikodi mpaka kati ya sehemu hizo umewekwa na serikali na haubadiliki, ilhali katika IP mpaka huwekwa na msimamizi wa mtandao, na maski ndiyo inayoutangaza. Maski ya 255.255.255.0 husema kwamba mafungu matatu ya mwanzo ni ya mtandao na fungu la mwisho ni la kifaa, kwa hiyo vifaa vyote vyenye anwani zinazoanza na 192.168.63 ni majirani. Fungu hilo la mwisho lina namba 256, lakini 0 hutumika kuutaja mtandao wenyewe na 255 hutumika kuviita vifaa vyote kwa pamoja, hivyo zinabaki anwani 254 za kutumia, idadi inayotosha ofisi yoyote ya ushirika wilayani.

Kifaa hutumia maski kila kinapotaka kutuma kitu. Hulinganisha anwani yake na anwani ya mlengwa, na ikiwa sehemu ya mtandao inafanana, hutuma moja kwa moja. Ikiwa haifanani, hukabidhi kifurushi kwa lango ili kipelekwe nje. Kosa katika maski kwa hiyo huleta matatizo yanayofanana na uchawi. Printa yenye anwani 192.168.63.20 ambayo kwa bahati mbaya imepewa maski ya 255.255.255.240 huamini kwamba majirani zake ni wale wa namba 16 hadi 31 peke yao. Kompyuta yenye namba 25 itachapisha bila shida, ile yenye namba 105 iliyo meza ya pili haitachapisha kamwe, na fundi asiyesoma maski atabadilisha waya, atasanidi upya programu ya printa, na mwishowe ataagiza kompyuta mpya.

Lango ni anwani ya kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na mitandao mingine, na katika ofisi ndogo kifaa hicho ni ruta, ambayo kwa desturi hupewa namba ya kwanza, kama 192.168.63.1. Lango lazima liwe jirani, yaani liwe ndani ya mtandao uleule unaotajwa na maski, kwa sababu kifaa hakiwezi kumwomba asiyefikika akifikishe kwingine. Kosa la lango hujificha kwa muda mrefu. Printa yenye lango lisilo sahihi inaweza kuchapa miaka mitatu bila mtu kujua, kwa kuwa kompyuta zinazoitumia ni majirani zake, na kosa hujitokeza siku ambayo mtu anataka printa hiyo itume nyaraka zilizoskaniwa kwa barua pepe. Kinasa video cha kamera chenye kosa kama hilo huonyesha picha vizuri kwenye skrini ya ghalani, ila mwenyekiti aliyeko Mtwara mjini hazioni kwenye simu yake.

Seva ya majina, inayojulikana zaidi kwa herufi DNS, hutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za IP, maana mtumiaji huandika jina linaloishia na go.tz au co.tz na kompyuta haiwezi kulifikia jina mpaka ipate namba yake. Seva hiyo ikikosekana, intaneti huonekana imekufa ingawa njia iko wazi. Katika ofisi ndogo inafaa ruta yenyewe iwekwe kuwa seva ya kwanza ya majina, kwa sababu huyahoji majina kwa kampuni inayotoa huduma ya intaneti na huyakumbuka kwa muda, jambo linalopunguza safari za maswali kwenye kiungo chembamba. Seva za wazi za kimataifa, kama 8.8.8.8 ya Google iliyoanza mwaka 2009 au 1.1.1.1 ya Cloudflare iliyoanza mwaka 2018, zinafaa kuwekwa kama za akiba ndani ya ruta, wala si kwenye kila kompyuta.

Tofauti kati ya kilicho ndani na kilicho nje ilidhihirika tarehe 12 Mei 2024, pale nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Ofisi ambayo printa yake, kompyuta zake na kamera zake zina anwani za ndani zilizopangwa vizuri haina sababu ya kusimamisha uchapaji au kurekodi siku kama hiyo. Ofisi ambayo nyaraka zake hupitia huduma ya mbali kabla ya kuifikia printa iliyo hatua tatu kutoka mezani husimama pamoja na waya wa baharini.

Namba hizo nne hufika kwenye kifaa kwa mojawapo ya njia tatu, na hapa ndipo penye uamuzi wenye uzito. Njia ya kwanza ni ya ugawaji wa moja kwa moja kupitia itifaki iitwayo DHCP: kifaa kikiwashwa huuliza mtandao mzima kama kuna anayegawa anwani, na ruta hujibu kwa kukipa namba zote nne kwa pamoja, ikikiazima anwani kwa muda maalumu ambao katika ruta nyingi ndogo ni saa chache hadi siku nzima. Njia hii inafaa simu, kompyuta za mkononi na wageni, lakini haifai printa wala kinasa video, kwa kuwa anwani iliyoazimwa leo inaweza kuwa nyingine kesho kutwa na kompyuta zinazoitafuta printa kwenye namba ya zamani zisiione. Njia ya pili ni ya kuandika namba kwa mkono ndani ya kifaa, na ndiyo inayopendwa na mafundi wengi kwa sababu humalizika kwa dakika mbili. Njia ya tatu ni ya kukitengea kifaa anwani ndani ya ruta: kifaa huendelea kuuliza kama kawaida, ila ruta hukitambua na kukipa anwani ileile kila mara.

Ruta hukitambua kifaa kwa anwani ya MAC, namba ya biti 48 ambayo kiwanda huiweka kwenye kadi ya mtandao na ambayo huandikwa kwa herufi na tarakimu kumi na mbili kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya kifaa. Msimamizi hufungua ukurasa wa ruta kwa kivinjari, huingia sehemu ya DHCP, hutafuta orodha ya anwani zilizotengwa, kisha huandika MAC ya kifaa na anwani anayotaka kipewe. Simu za kisasa, za Android kuanzia toleo la 10 na za iPhone kuanzia toleo la 14 la iOS, huficha MAC yao halisi na kutumia ya kubuni kwa kila mtandao wa Wi-Fi, kwa hiyo kuzitengea anwani huweza kuwa kazi ya bure isipokuwa kipengele hicho kizimwe kwa mtandao huo. Printa na kamera kwa kawaida hazina tabia hiyo.

Pingamizi la mafundi dhidi ya njia ya tatu ni kwamba ruta ikifa, vifaa vilivyotegemea ugawaji wake hupoteza anwani, ilhali vilivyoandikiwa kwa mkono huendelea kuzungumza kupitia swichi, yaani kifaa kinachokutanisha nyaya za ndani. Pingamizi hilo ni la kweli kwa siku moja. Siku ya pili hununuliwa ruta nyingine, na ruta hiyo huja na mtandao uliopangwa kiwandani: TP-Link nyingi huja na 192.168.0.1 au 192.168.1.1, Huawei nyingi za laini ya simu huja na 192.168.8.1, nazo MikroTik huja na 192.168.88.1. Vifaa vilivyoandikiwa 192.168.63 kwa mkono hubaki visiwani, kila kimoja kikisubiri mtu akifuate ghalani au juu ya nguzo ya kamera. Vilivyotengewa anwani huuliza, hupewa, na hurudi kazini, hata kama kwa muda vitakuwa na namba nyingine. Vifaa pekee vinavyostahili namba za mkono ni ruta yenyewe na zana za mtandao kama swichi yenye ukurasa wa usimamizi au ruta ya pili; kwingineko njia hiyo itumike pale tu ambapo kampuni ya intaneti imefunga mipangilio ya ruta na msimamizi hana namna ya kuingia, na hapo namba ichaguliwe nje ya fungu linalogawiwa.

Mpango wa namba hufanywa kabla ya kugusa kifaa chochote. Inafaa kuepuka 192.168.0 na 192.168.1, kwa sababu ndizo zinazotumika majumbani na maofisini kuliko zote, na siku ambayo chama cha msingi kitataka kuunganishwa kwa njia ya siri na chama kikuu, mitandao miwili yenye namba zilezile haitaweza kutambuana. Ofisi ya Mtwara inaweza kuchukua 192.168.63 kwa kufuata postikodi ya mkoa, ingawa hakuna sheria inayolazimisha hivyo. Faida yake ni kwamba namba yenye sababu hukumbukwa. Ndani ya mtandao huo, 1 ibaki ya ruta, 2 hadi 19 ziwe za zana za mtandao, 20 hadi 39 ziwe za printa, 40 hadi 79 ziwe za kamera na kinasa chake, na fungu la kugawa kwa kompyuta na simu liwe 100 hadi 199. Baadhi ya ruta hutaka anwani iliyotengwa iwe ndani ya fungu la kugawa, na zikikataa namba 20, fungu lipanuliwe tu lianzie hapo.

Kamera mpya humpa msimamizi shida ya aina yake. Za Hikvision zimezoeleka kuja na 192.168.1.64 na za Dahua 192.168.1.108, hivyo kamera iliyochomekwa kwenye mtandao wa 192.168.63 huwa ipo lakini haionekani. Njia ya kuifikia ni kuipa kompyuta moja, kwa dakika chache, anwani ya mkono iliyo jirani na ya kamera, kama 192.168.1.10 yenye maski ya 255.255.255.0, kufungua ukurasa wa kamera kwa kivinjari, kuiambia ipokee anwani kutoka DHCP, kisha kuirudisha kompyuta kwenye hali yake ya kawaida. Hatua hiyo ya mwisho husahauliwa mara nyingi, na kompyuta ya karani huachwa bila intaneti huku kamera ikifanya kazi vizuri.

Chanzo kikubwa cha vurugu katika mitandao midogo, hata hivyo, ni ruta ya pili. Wi-Fi isipofika chumba cha mhasibu, hununuliwa ruta nyingine mjini, waya huchomekwa kati yake na ile ya kwanza, na kwa siku moja au mbili kila kitu huonekana sawa. Ruta hiyo nayo ina DHCP iliyowashwa kiwandani, kwa hiyo sasa mtandao mmoja una wagawaji wawili wasiojuana, na kifaa kinachowashwa hupokea jibu la aliyewahi. Asubuhi kompyuta hupata 192.168.63.104 na kufanya kazi. Mchana, baada ya umeme kukatika na kurudi, hupata 192.168.0.103 na kupoteza printa, na intaneti pia, kwa kuwa waya haukuchomekwa kwenye tundu la kutokea nje. Tatizo linalokuja na kuondoka kwa namna hii humaliza subira ya ofisi nzima, na lawama huangukia kampuni ya simu. Tiba ni ya dakika kumi: ruta ya pili iunganishwe na kompyuta peke yake, DHCP yake izimwe, anwani yake ibadilishwe kuwa 192.168.63.2, kisha waya kutoka ruta ya kwanza uchomekwe kwenye mojawapo ya matundu yake ya ndani badala ya lile la intaneti. Baada ya hapo hubaki kuwa kisambaza Wi-Fi tu. Ruta zenye kitufe cha kuchagua hali ya kisambazaji hufanya kazi hiyo zenyewe.

Kukatika kwa umeme kunastahili neno zaidi, kwa kuwa hata katika mkoa ambao gesi ya Mnazi Bay huwasha mitambo ya umeme, hakuna ofisi inayopanga mtandao kana kwamba umeme haukatiki. Umeme unaporudi, vifaa vyote huamka kwa wakati mmoja lakini si kwa kasi moja. Printa inaweza kuwa tayari kwa nusu dakika wakati ruta inahitaji dakika mbili. Printa huuliza anwani, haijibiwi, na hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, fungu lililotengwa kwa vifaa vilivyokosa mgawaji. Nyingi huuliza tena baadaye na kujirekebisha, ila za zamani hubaki hivyo mpaka zizimwe. Kwa sababu hiyo, ofisi yenye fedha ya UPS moja ndogo, yaani kifaa cha akiba ya umeme, inashauriwa kuiunganisha kwanza na ruta na swichi, ambazo hula umeme kidogo sana, kabla ya kufikiria kompyuta.

Anwani ya 169.254 ikionekana bila umeme kukatika, maana yake mara nyingi ni kwamba swali la kifaa halikufika kwa ruta, na mahali pa kutazama kwanza ni waya. Huko Msimbati, Msangamkuu na kila penye upepo wa bahari, chumvi na unyevu hula miguu midogo ya shaba iliyo kwenye kichwa cha waya na ndani ya tundu la swichi, na rangi ya kijani kwenye miguu hiyo ni ushahidi unaotosha. Kichwa hukatwa na kufungwa kipya. Tundu lililoliwa huachwa na kutumiwa jingine.

Uchunguzi wa tatizo lolote hufuata mpangilio wa namba zenyewe, kutoka ndani kwenda nje. Katika kompyuta ya Windows, amri ya ipconfig /all iliyoandikwa kwenye dirisha la amri huonyesha namba zote nne pamoja na aliyezigawa. Kisha amri ya ping hutumika kuuliza kama kifaa kingine kinafikika: kwanza lango, yaani ping 192.168.63.1, halafu anwani ya nje kama 8.8.8.8, mwishowe jina la tovuti yoyote inayojulikana. Lango lisipojibu, tatizo ni waya, Wi-Fi, anwani au maski. Lango likijibu na 8.8.8.8 isijibu, tatizo liko kwenye ruta au kwa kampuni ya intaneti, ikiwa ni pamoja na kifurushi cha data kilichoisha, jambo ambalo ni la kawaida kuliko mafundi wanavyokiri. Anwani ikijibu na jina lisijibu, tatizo ni seva ya majina.

Eneo la mdomo wa Ruvuma lina jambo lake la pekee. Ruta inayotumia laini ya simu ikiwa karibu na Kilambo au vijiji vingine vya mpakani inaweza kushika mnara wa Msumbiji, na huduma ya romingi ikiwa imewashwa, gharama hupanda bila mtu kubadilisha chochote; inafaa romingi izimwe ndani ya ruta na jina la mtandao wa Tanzania lichaguliwe kwa mkono. Madhara yasiyotarajiwa ni ya saa. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na ruta inayochukua saa kutoka mnara wa ng'ambo inaweza kuvipa vifaa vyake saa isiyo sahihi. Kwa kinasa video cha ghala la korosho, kinacholinda mzigo wa wakulima unaosubiri mnada, saa hiyo moja huweza kuufanya ushahidi wa picha upingane na kitabu cha mlinzi. Kinasa kipangiwe ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya saa ya dunia, na kiambiwe kuchukua saa kutoka seva ya intaneti, kazi inayohitaji lango na seva ya majina ziwe sahihi. Wasomaji wa picha hizo nao wakumbuke kwamba kifaa huhesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo 20:00 ya kinasa ndiyo saa mbili usiku ya mlinzi.

Kuziona kamera kutoka mbali huzua swali la anwani ya nje. Makampuni ya simu mara nyingi huviweka vifaa vya wateja wengi nyuma ya anwani moja, na dalili yake ni ruta kuonyesha upande wa intaneti anwani ya ndani, kama inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Katika hali hiyo kifaa cha ofisini hakiwezi kuitwa moja kwa moja kutoka nje, na fundi anayeahidi kufungua njia kwenye ruta anauza kisichowezekana. Huo ni ulinzi pia: kamera iliyowekwa wazi kwenye intaneti ikiwa na nywila ya kiwandani hupatikana na wavamizi bila jitihada. Huduma ya mtengenezaji inayopitia programu ya simu, au njia ya siri ya VPN, ni salama zaidi, mradi nywila ya kifaa na ya ruta ziwe zimebadilishwa siku ya kwanza. Nyumba ya wageni na zahanati ziwashe mtandao wa wageni uliotengwa ndani ya ruta, ili mpangaji au mgonjwa mwenye simu asiifikie kompyuta ya kumbukumbu. Kwa zahanati hilo linahusu pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Karatasi ya mtandao inahitaji mambo machache: anwani ya ruta na maski, fungu la kugawa, seva za majina, na kwa kila kifaa kilichotengewa anwani, jina lake, mahali kilipo, MAC yake na namba yake. Nakala moja ibandikwe ndani ya kabati la ruta na nyingine iwe kwa katibu, huku nywila zikiandikwa kando na kufungiwa pamoja na vitabu vya fedha. Kifaa chenyewe kibandikwe namba yake kwa maandishi makubwa. Siku ruta mpya itakapoletwa, iwe kwa kuharibika kwa ya kwanza au kwa kubadili kampuni, anayeiweka ataanza kwa kuipa anwani ya ndani ya ile ya zamani, 192.168.63.1, pamoja na fungu lilelile la kugawa, jina lilelile la Wi-Fi na nywila ileile ya Wi-Fi, kisha atanakili orodha ya MAC kutoka kwenye karatasi. Printa, kamera na kompyuta zikizimwa na kuwashwa zitapata namba zake za awali, na hakuna atakayelazimika kupanda nguzo.